Visivyopakwa Rangi

Kulikuwa na fundi mmoja wa milango ambaye watu walimwita Nusu Inchi, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Ukimpelekea ubao ataufumbia jicho moja, atakunja uso, kisha atasema, "Bado nusu inchi." Ukimpakulia chakula, bado nusu inchi. Siku mkewe alipojifungua binti, wakamletea mtoto amtazame, naye akamtazama kuanzia utosi mpaka nyayo akasema hivyo hivyo, na mkewe hakumsemesha wiki mbili nzima.

Binti huyo ndiye aliyekuja kumtia baba yake katika mambo ya serikali. Aliolewa nchi ya jirani, ng'ambo tu ya mpaka, karibu kiasi kwamba jogoo wa huku akiwika, wa kule wanaamka. Akapata mimba ya kwanza. Zahanati ya kule ilikuwa imejengwa upya, kuta safi, bati linang'aa, ila ndani haikuwa na mlango hata mmoja. Vyumba vya kujifungulia vilizibwa kwa shuka. Mkunga mkuu akaagiza milango ishirini na minne kwa Nusu Inchi, naye akaitengeneza kwa mikono yake, akaipaka rangi ya maziwa, mkono wa kwanza na wa pili, akaipakia kwenye lori. Lori likafika mpakani, likaambiwa lisimame pembeni. Likasimama miezi mitatu. Mvua zikaanza, na turubai lenyewe lilikuwa na matundu kama chujio.

Asubuhi moja binti akapiga simu.

"Baba, mimi nyuma ya ile shuka sizai."

Fundi akamwambia asubiri, mambo yanashughulikiwa.

"Mimi naweza kusubiri, Baba, wa tumboni hajui kusubiri. Juzi upepo umeipeperusha shuka, na mwuza maji alikuwa anapita na mkokoteni wake. Akaamkia. Mtu na uchungu wake pale kitandani, ikabidi aitikie."

Alipomuuliza amebakiza muda gani, akajibu kwamba yeye anahesabu wiki tatu, mkunga anahesabu mbili. Nusu Inchi akakata simu akakaa juu ya benchi lake la kazi, na kwa mara ya kwanza hakuona kitu cha kupunguza wala cha kuongeza. Kwa hiyo wakubwa wa serikali walipokuja kwenye chama cha mafundi wakitaka mtu wa kwenda nao kwenye mazungumzo ya biashara kama mtaalamu wa mbao, alinyoosha mkono kabla hawajamaliza sentensi. Akaazima koti la shemeji yake, ambalo mikono ilimpungukia kwa kipimo mnachokijua, akatia randa, patasi na nyundo kwenye mfuko wa turubai, akaenda.

Mazungumzo yalikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la ofisi pale pale mpakani. Chumba kilikuwa na meza ndefu, vibendera viwili vya kusimamisha mezani, na kipaza sauti kilichopiga mluzi kila mtu akisema ukweli. Dirishani kulikuwa na nondo, na kupitia nondo hizo Nusu Inchi aliliona lori lake kule chini, turubai la buluu, dimbwi juu yake, ndege wawili wanaoga.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mstari mmoja. Kifungu cha saba cha mkataba wa nchi hizo mbili kilisema hivi: *Meza, milango na viti visivyopakwa rangi havitatozwa ushuru.* Basi. Maneno manane, na malori kumi na moja yamekwama.

Upande wa Nusu Inchi uliongozwa na mama mmoja mwenye miwani miwili, ya kusomea na ya kukasirikia, ambaye wote walimwita Mama Mkurugenzi. Yeye alisema visivyopakwa rangi ni viti peke yake. Ndiyo maana neno likaanza na *vi*. Meza na milango ipite na rangi yake, na mashada ya maua ikitaka.

Upande wa pili uliongozwa na bwana mmoja mrefu, mpole, aliyefundisha sarufi miaka ishirini kabla ya kuchukuliwa na wizara, na hata huko wizarani waliendelea kumwita Mwalimu. Yeye alisema majina ya ngeli tofauti yakifuatana, kitenzi hufuata la mwisho. La mwisho ni viti. Kwa hiyo *visivyopakwa* ni ya vyote vitatu, na mlango wenye rangi ulipe.

Pande zote mbili zilizungumza lugha moja, na hapo ndipo palipokuwa na balaa. Wangekuwa na mkalimani wangepata wa kumlaumu.

Siku ya kwanza Mama Mkurugenzi alitoa mfano. Alisema mtu akisimama mlangoni akatangaza, "Baba, mama na mtoto anayenyonya waingie ndani," je, Mwalimu atauliza kama baba naye ananyonya? Watu wa upande wake wakapiga meza kwa furaha. Mwalimu akasubiri wamalize, akaeleza kwa upole kwamba *anayenyonya* ni umoja, kwa hiyo ni mtoto tu. Lakini katika kifungu cha saba, *visivyopakwa* na *havitatozwa* yamevaa sare moja. Kila mtu anakubali kwamba *havitatozwa* inahusu vitu vyote vitatu, kwani hakuna aliyedai kwamba viti tu ndivyo visivyotozwa. Sasa huwezi kumpokea pacha mmoja ukamfungia nje mwenzake.

Mama Mkurugenzi akabadilisha miwani.

Siku ya pili wakajadili kulibadilisha neno. Haikuwezekana. Mkataba ulitiwa saini na wakuu wa nchi, na neno moja likiongezwa au likitolewa lazima urudi kwenye mabunge mawili, na moja lilikuwa likizo na lingine lilikuwa linagombana. Kitu pekee kilichoruhusiwa, kwa kifungu cha mwisho kabisa ambacho hakuna aliyewahi kukitumia, ni kwa wajumbe kurekebisha mpangilio endapo mpiga chapa alikosea. Hapo karani wa mkutano, mama wa makamo aliyekaa kwenye kona akiandika kila kitu, aliinua kichwa. Yeye ndiye aliyeupiga chapa mkataba huo miaka kumi iliyopita. Akawaambia taratibu kwamba alichapa alichopewa, na akarudi kuandika.

Nusu Inchi siku zote hizo alikuwa amekatazwa kusema mpaka aulizwe. Alikunywa chai, akatazama lori, akautazama mlango wa chumba. Mlango ule ulimwasha kuliko sarufi. Ulikuwa mzuri, mbao ngumu, rangi ya kahawia inayong'aa, unafungukia nje koridoni kwa bawaba tatu. Lakini aliyeupaka hakupaka kisigino, ule upande wa chini kabisa unaotazama sakafu. Wapaka rangi wengi hukisahau kwa kuwa hakuna mgeni anayeinama kukitazama. Maji ndiyo yanayokiona. Mlango usiopakwa kisigino hunywa maji kwa chini kama ng'ombe, unavimba, na siku unayoutaka ufunguke ndiyo siku unayogoma. Alimwambia mtunza jengo. Mtunza jengo akamjibu kwamba yeye anatunza jengo, milango ina wenyewe.

Siku ya tatu ndipo akaulizwa. Mwalimu alitaka kujua, kwa faida ya kumbukumbu, kama fundi huona ajabu kusikia mlango usiopakwa rangi. Nusu Inchi akasimama, akavuta mikono ya koti isiyovutika.

"Mlango usiopakwa rangi ni ubao unaosubiri mchwa, Mwalimu. Na mimi naomba kuuliza. Mkeo akikutuma ukalete meza, milango na viti vilivyovunjika miguu, utauangalia mlango ukiutafuta mguu?"

Karani alikuwa anakunywa maji, nayo yakatokea puani yakaangukia kumbukumbu za mkutano. Mjumbe mmoja akajificha nyuma ya kibendera. Mwalimu akaanza kukusanya karatasi zake pole pole, kama anavyofanya mwalimu anayetaka darasa lijute, akasema hakusafiri kuja kuchekewa. Mama Mkurugenzi alimtoa Nusu Inchi nje mwenyewe, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ulimi wake unahitaji randa, kisha akaubamiza mlango kwa nguvu zote za miezi mitatu.

Fundi akakaa kwenye benchi la koridoni, mfuko wake miguuni. Nje mvua ilikuwa inamwagika. Akatokea mama wa usafi na ndoo zake, kwa kuwa matope ya watu yalikuwa yamejaa sakafuni, akamwaga ndoo nzima, akafuatisha nyingine. Maji yakatembea, yakapita chini ya benchi, yakaelekea mlangoni, yakaingia kimya kimya chini ya kisigino. Nusu Inchi akainua miguu yasimlowanishe. Hakusema kitu. Kama ana dhambi katika habari hii, ni hiyo tu, na hata hiyo alikuwa ameshakatazwa kusema.

Saa mbili zikapita. Kisha kitasa kikazungushwa kwa ndani. Kikazungushwa tena. Akasikia bega la mtu, halafu mabega mawili, halafu mtu mzito akihesabu moja, mbili, tatu. Mlango ukatoa mlio mmoja tu, kama mtu anayekataa kuamshwa.

"Nani yuko nje?" Sauti ilikuwa ya Mwalimu, na upole wake ulikuwa umepungua.

"Ni mimi, mtaalamu."

"Fundi, fungua mlango huu."

Nusu Inchi akapiga goti, akaupapasa mlango chini, akaupapasa juu. Bawaba zote zilikuwa upande wake. Kutoa pini tatu na kuutikisa mlango utoke ilikuwa kazi ya kumeza mate mara mbili. Akayajua hayo moyoni, akayaacha huko huko moyoni. Kwa tundu la ufunguo akawaeleza kwamba mlango umevimba, kwamba kazi ya kuvimbua mlango haina haraka, na akauliza kama kuna mgonjwa.

Halafu Mama Mkurugenzi akasogea tunduni, akasema kwa sauti ya mtu anayejizuia kucheka kwamba hakuna mgonjwa, ila Mwalimu amekunywa chai vikombe saba tangu asubuhi.

"Ahaa," akasema Nusu Inchi.

Akatoa patasi. Akaigongagonga mahali, kwa mpangilio mzuri, pasipo na kazi yoyote, ili waliomo ndani wapate moyo. Na huku akigonga akazungumza. Alimwambia Mwalimu kwamba kule chini kuna lori, na ndani ya lori kuna milango ishirini na minne, na nyuma ya mlango mmojawapo, ukifika, anatakiwa azae binti yake. Akamweleza habari ya shuka, na ya mwuza maji, na ya mama aliyelazimika kuitikia. Ndani hakuna aliyecheka. Mwalimu akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekaza miguu, kwa nini hakuyasema hayo mezani.

"Mezani niliulizwa habari za rangi."

Akagonga tena kidogo. Kisha akasema jambo alilokuwa amelifikiria kwenye benchi pale, akitazama maji.

"Mimi sikusoma sana, Mwalimu. Lakini nikiingia kwenye chumba, kiti kimeziba njia, sikikati. Nakisogeza. Hilo neno lenu halina kosa. Limekaa pabaya. Lisogezeni."

"Lisogezwe wapi?"

"Bado nusu inchi tu. Liambatane na kiti chake, kiti kitangulie. *Viti visivyopakwa rangi, meza na milango havitatozwa ushuru.* Hesabuni. Yalikuwa manane, ni manane. Hakuna aliyeongeza, hakuna aliyetoa. Bunge la nini kwa kupanga fanicha?"

Ndani zikasikika karatasi. Mtu akahesabu maneno kwa vidole, akayahesabu tena. Mama Mkurugenzi akasema kwa haraka kidogo kuliko heshima yake kwamba hilo ni suala la mpangilio, na mpangilio uko kwenye kifungu cha mwisho. Mwalimu akasema hapana. Akasema sentensi hiyo sasa ni kilema, kwa maana jina la mwisho ni milango, na *havitatozwa* inabaki inaning'inia, yapaswa iwe *haitatozwa*. Karani akamkumbusha kutoka konani kwamba akilibadilisha hilo ni bunge.

"Na nyumbani nitawaambia nini?" Mwalimu akauliza. Hili lilikuwa swali la kweli, hata kipaza sauti kilipiga mluzi. "Wapaka rangi wetu wako barabarani na mabango. Wanasema milango ikiingia na rangi yake, wao watapaka nini? Watapaka mikate?"

Nusu Inchi akaacha kugonga.

"Milango yangu imekaa mvuani miezi mitatu, Mwalimu. Rangi imebabuka, inatoka kama ngozi ya kiazi. Haiwezi kuwekwa zahanati hivyo. Wapaka rangi wako waipake upya yote ishirini na minne, na nitasimama juu yao mpaka wapake na visigino. Na ijayo nitaileta na mkono wa kwanza tu. Mkono wa pili ni wao. Andikeni hata hilo."

Ikasikika sauti ya kalamu. Halafu sauti ya Mwalimu, ya mbali, kama ya mtu anayesali: "Leteni nitie saini. Leteni upesi."

Kumbukumbu za siku hiyo zipo mpaka leo, na zinasomeka hivi: *Wajumbe wamekubaliana kurekebisha kosa la mpiga chapa, ambaye hana kosa.* Karani alikataa kuandika vinginevyo, na Mwalimu hakuwa katika hali ya kubishana.

Pini zikatoka, moja, mbili, tatu. Mlango ukainuliwa ukaegemezwa ukutani, na Mwalimu akapita pale akiwa na mwendo ambao wanafunzi wake hawakuwahi kuuona. Aliporudi, akiwa amestarehe, akazitazama zile pini mkononi mwa fundi.

"Ilikuwa kazi ya dakika moja."

"Ya kutoa, ndiyo," akasema Nusu Inchi. "Ya kufikiri ndiyo iliyochukua muda."

Mwalimu akataka kukasirika, akashindwa. Akamwambia kwamba angekuwa mwanafunzi wake angemchapa, halafu angempa alama zote.

Lori likaruhusiwa siku ya tano yake. Ofisa wa mpakani alikuwa na karatasi mpya, na aliisoma kwa kidole. Viti visivyopakwa rangi, hamna. Meza, hamna. Milango, ipo. Ipite. Kisha akafungua gunia lililokuwa chini ya milango, likalia kwa chuma.

"Na hizi?"

"Bawaba. Za milango hiyo hiyo."

"Kifungu kinasema milango, mzee. Bawaba hazikutajwa. Bawaba ni chuma."

Simu ilikuwa imelia asubuhi ile, mkwewe akisema uchungu umeanza, mkunga amehesabu vizuri kuliko wote. Nusu Inchi hakuwa na siku tatu nyingine za kumeza chai. Akaliacha gunia mezani kwa ofisa, akampandisha dereva lorini kwa macho tu, wakaondoka.

Zahanati walimfahamu kabla hajajitambulisha. Alishusha mlango mmoja, akaubeba mgongoni peke yake, umelowa, umebabuka, mzito kama mgeni asiyealikwa. Mbele ya chumba cha binti yake akaing'oa ile shuka kwa mkono mmoja na kuitupa mbali. Ndipo alipokumbuka kwamba mlango hausimami kwa nia njema.

Mkunga mkuu, mwanamke mnene mwenye mikono ya haraka, akamwuliza mlango huo unafungwa na nini.

"Na mimi," akasema.

Akageuka akakipa chumba mgongo, akaushika mlango kwa ubavu mmoja, bega juu, goti chini, akauziba uwazi. Mkunga akitaka kutoka anampiga kofi begani, naye anazunguka na mlango wake, anazunguka akiwa amefumba macho, mkunga anapita, naye anarudi. Akitaka kuingia, vilevile. Koridoni watu walikusanyika kumtazama. Mwuza maji akapita na mkokoteni, akaamkia, na safari hii aliitikiwa na mwanamume. Kabla ya saa ya pili kwisha wauguzi walikuwa wameshampa jina jipya, Babu Bawaba, na mkunga mmoja kijana akauliza kama anahitaji kutiwa mafuta.

Alisikia kila kitu. Alisikia mwanawe akimwita mama yake, akimlaani mumewe, akimwita mama yake tena. Maji ya mvua yaliyokuwa ndani ya mlango yalimtiririkia kwenye koti la shemeji. Kisha akasikia kilio kidogo, kikavu, chenye hasira, kama msumari unaong'olewa kwenye mbao mbichi.

Hakugeuka. Alikuwa ameambiwa asigeuke.

Baada ya muda sauti ya binti yake ikaja kutoka nyuma ya mlango, imechoka, ila ina kicheko ndani yake.

"Baba. Umefungika vizuri huo mlango?"

Nusu Inchi akainama akatazama chini. Kati ya kisigino na sakafu kulikuwa na mwanga mwembamba, na hakuhitaji rula kujua ni kiasi gani.

"Umefungika, mwanangu," akasema. "Umekaa sawasawa."